Nani Ameteswa, na Nani wa Kuamua

Mwezi Aprili 1998, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, lilitoa hukumu kuhusu Msomali aliyekimbia vita vya koo. Hakuna aliyebisha kwamba kwao watu walikuwa wakiuawa. Lakini majaji, kwa kauli ya Lord Lloyd, walisema kwamba koo zinapopigana kila mtu wa kila ukoo yumo hatarini, na kwa hiyo anayetaka kuitwa mkimbizi lazima aonyeshe kwamba hatari inayomkabili yeye inazidi hatari ya kawaida ya vita hivyo. Yeye hakuonyesha. Hakufukuzwa nchini, maana serikali ilikuwa imekwisha kumruhusu kukaa kwa sababu za kibinadamu. Alichonyimwa ni hadhi ya ukimbizi na haki zinazofuatana nayo.

Siku hukumu hiyo iliposomwa, maelfu kwa maelfu ya Wasomali waliokimbia vita vilevile walikuwa wakiishi Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, katika kambi zilizofunguliwa mwaka 1991. Wao hawakuulizwa risasi ilikuwa imemlenga nani. Kutoka Somalia kulitosha. Kenya haikuwa hata na sheria yake ya wakimbizi, ambayo ilikuja kutungwa mwaka 2006, lakini mwaka 1992 ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika unaomtambua mkimbizi kwa njia nyingine. Vita vilikuwa vilevile, nchi ileile, na majibu yakawa mawili.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kuona upesi kwamba Nairobi ilikuwa na utu na London haikuwa nao. Sidhani mambo yako hivyo. Msomali wa London alikuwa na wakili, shauri lake lilipanda kutoka mahakama moja hadi nyingine, na waziri wa serikali alilazimika kujibu hoja zake moja baada ya moja. Msomali wa Dadaab alipokewa bila kuhojiwa sana, lakini hakuwa huru kutoka kambini apendavyo, na siku ambayo serikali ingebadili nia hakujua angemwendea jaji gani. Wa kwanza alikuwa na mahakama bila hadhi. Wa pili alikuwa na hadhi bila mahakama. Tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu naamini maana ya mateso katika nchi yoyote haiko katika maandishi ya sheria peke yake. Iko pia katika swali la nani anaruhusiwa kulifungua tena jalada la aliyekataliwa, na anaruhusiwa kutazama nini ndani yake.

Maandishi yenyewe ni machache. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtaja mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kuwa wa kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Waliouandika walikuwa na picha ya Ulaya machoni: Wayahudi walionusurika, na watu waliokuwa wakikimbia serikali za kikomunisti za mashariki. Ndiyo maana mwanzoni ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu, mpaka Itifaki ya 1967 ilipoondoa kikomo hicho. Mateso ni nini hasa, hawakusema. Kitabu cha mwongozo cha shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kilichotolewa mwaka 1979, kinakiri kwamba hakuna ufafanuzi unaokubaliwa na wote. Kinachosema kwa uhakika ni kwamba kumtishia mtu uhai au uhuru wake kwa sababu zile tano ni mateso daima. Yaliyobaki waliachiwa majaji.

Wakuu wa Afrika walipokutana Addis Ababa na kupitisha mkataba wao tarehe 10 Septemba 1969, hawakuukataa ule wa Geneva. Waliuchukua mzima, kisha wakaongeza fungu la pili: mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa nchi yake nzima au sehemu yake. Waliokuwa mawazoni mwao ni watu wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau chini ya Wareno. Mkulima wa Cabo Delgado aliyevuka Ruvuma na wanawe hakuwa na jibu kwa anayemuuliza kwa nini alichaguliwa yeye, kwa sababu hakuchaguliwa. Vita vilimfika alipokuwa. Na kuna jambo jingine katika mkataba ule ambalo halitajwi mara nyingi. Unatamka kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu ambalo nchi yoyote isilichukulie kuwa ni la uadui. Geneva, kwa kumtaka mwombaji athibitishe mateso, humfanya kila jaji anayekubali ombi kuwa anaihukumu serikali ya mbali. Addis Ababa ilitafuta njia ya kumpokea jirani bila kumshitaki jirani mwingine. Nchi zilizopakana zinajua thamani ya busara hiyo.

Uhabeshi, nchi ulikopitishwa mkataba huo, ilikuwa imekwisha kusikiliza shauri la aina hii zamani sana. Waislamu wa mwanzo walivuka bahari kutoka Makka kwenda Aksum karibu mwaka 615, wakikimbia maudhi ya Makuraishi. Sira inasimulia kwamba Makuraishi walituma wajumbe, Amr bin al-As akiwa mmoja wao, wakiwa na zawadi kwa mfalme na kwa wakuu wake, na ombi kwamba watu hao warudishwe kwao. Wakuu walishauri warudishwe. Mfalme huyo, Najashi, akakataa kuwatoa kabla hajawasikia wenyewe. Jaafar bin Abi Talib, mmoja wa waliokimbia, akasimama akaeleza waliyofanyiwa na kwa nini, mfalme akamwuliza zaidi, na mwishowe zawadi zikarudishwa kwa wenyewe.

Nikiiweka hadithi hiyo kando ya chumba cha mahakama cha leo, kufanana kunaonekana mara moja: mtu hatolewi kabla hajasikilizwa, na anayesikiliza hutaka sababu, hatosheki na machozi. Tofauti nayo ni kubwa. Katika ukumbi wa Najashi mtesaji alikuwapo. Alisema lake mbele ya aliowatesa, na mfalme akapima maneno mawili. Leo serikali inayoshitakiwa haihudhurii kabisa. Anayekaa upande wa pili wa meza ni wakili wa nchi inayoombwa hifadhi. Kwa hiyo ubishi unahama. Badala ya kuuliza nini kilitendeka Makka, mahakama huuliza kama msimuliaji anaaminika, kama tarehe alizotaja leo zinalingana na alizotaja uwanja wa ndege, kama ripoti za nchi zinaafikiana naye. Mfumo kama huo unahitaji mtu wa pili wa kupitia kazi ya wa kwanza kuliko Najashi alivyohitaji.

Nani basi anaweza kuwa mtesaji? Ujerumani ilijibu kwa namna moja kwa miaka mingi. Katiba yake ya 1949 ilitamka, kwa sentensi ya maneno manne tu, kwamba wanaoteswa kisiasa wana haki ya hifadhi. Taifa lililokuwa limewafukuza na kuwaua raia wake liliandika ahadi ambayo nchi nyingi hazikuthubutu kuiandika. Na bado majaji wake waliisoma kwa ufinyu. Mwaka 1989 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe, katika mashauri ya Watamil wa Sri Lanka, ilisema mateso ya kisiasa hutoka kwa dola inayoshika mamlaka. Dola iliyopoteza udhibiti wa eneo na kupigana humo kama mpiganaji mmojawapo si mtesaji, isipokuwa nguvu yake ikipita vita na kulenga kuangamiza kundi. Kuna mantiki nzito hapo: anayemtoa mtu katika ulinzi wa dola ni yule mwenye dola mikononi. Lakini kwa mantiki hiyo, kadiri nchi inavyozidi kusambaratika ndivyo watu wake wanavyozidi kukosa wa kumtaja kuwa mtesaji.

Kanada ilianzia mwisho wa pili. Mwaka 1993 Mahakama yake ya Juu ilipokea shauri la mtu aliyekuwa katika kundi lenye silaha huko Ireland ya Kaskazini. Aliwaachilia mateka aliopewa awalinde, na wenzake wakamhukumu kufa. Serikali haikumtesa, haikuweza tu kumlinda. Jaji La Forest akaeleza kwamba hifadhi ya kimataifa ni badala ya ulinzi wa kwao mtu unapokosekana, basi anayeshika silaha si lazima awe serikali. Mjerumani aliuliza nani ana nguvu. Mkanada aliuliza nani hana kinga. Mwaka 1999 Baraza la Malodi likafuata njia hiyo katika shauri la wanawake wawili wa Pakistan waliofukuzwa na waume zao kwa tuhuma za uzinzi. Lord Hoffmann alionyesha kwamba kipigo cha mume na dola inayokataa kumsikiliza mke vikikutana, vinafanya mateso kwa pamoja, na kwamba wanawake katika nchi ile waliweza kuhesabiwa kuwa kundi la kijamii. Umoja wa Ulaya ukaandika katika mwongozo wake wa 2004 kwamba mtesaji si lazima awe dola, na sheria ya Ujerumani ikabadilika mwaka 2005.

Katika suala la wanawake, bara letu halikuwa nyuma hata kidogo. Marekani ilimpa hifadhi binti wa Togo aliyekimbia kukeketwa, kwa uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji wa mwaka 1996, na uamuzi huo ulisifiwa sana. Lakini Uganda, katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ililiweka jambo lenyewe ndani ya sheria: anayeogopa kuteswa kwa kukataa mila zinazobagua kwa jinsia ni mkimbizi, wala hahitaji kubanwa kwanza ndani ya kundi la kijamii. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifika karibu na hapo Oktoba 2024, iliposema kwamba makatazo waliyowekewa wanawake wa Afghanistan, yakijumlishwa, ni mateso, na kwamba uraia na jinsia ya mwombaji vinaweza kutosha bila kumchimba zaidi. Huko Marekani, ulinzi wa wanawake wanaopigwa majumbani ulikubaliwa na ile bodi mwaka 2014, Mwanasheria Mkuu mmoja akaufuta mwaka 2018, mwingine akaufuta ufutaji huo mwaka 2021. Waganda walichokiandika katika sheria hakiyumbi hivyo kila serikali inapobadilika.

Kuyumba huko kwa Marekani kuna chanzo, nacho ni muundo. Jaji wa uhamiaji wa Marekani ni mtumishi wa Wizara ya Sheria. Bodi inayosikiliza rufaa yake imo katika wizara hiyohiyo, na Mwanasheria Mkuu anaweza kulichukua shauri na kuliamua mwenyewe. Mahakama huru ya kwanza anayoikuta mwombaji ni ya rufani ya shirikisho. Swali likawa: hiyo ikifikiwa, itazame nini?

Mwaka 1987 ulikuwa wa matumaini pande zote mbili za Atlantiki. Mwezi Februari Baraza la Malodi liliamua shauri la Mganda aliyeishi Kenya kabla ya kufika Uingereza. Serikali ilitaka kumrudisha Kenya, ikidai ni nchi salama. Mwenyewe alihofu kwamba Kenya ingemkabidhi kwa Uganda, na waziri hakuwa amelipima jambo hilo. Lord Bridge alisema uamuzi unaoweza kumgharimu mtu uhai lazima uchunguzwe kwa makini kupita maamuzi yote, na uamuzi wa waziri ukatenguliwa. Kila wakili wa wakimbizi Uingereza anaijua kauli hiyo; wachache hukumbuka kwamba ilitokana na njia ya kati ya Kampala na Nairobi. Mwezi Machi, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Stevens, ilimwambia mwanamke wa Nicaragua kwamba hofu inaweza kuwa na msingi hata kama uwezekano wa madhara ni mmoja tu katika kumi.

Kisha njia zikaachana. Uingereza, kwa sheria ya 1993, ilimpa aliyekataliwa rufaa mbele ya chombo huru kinachosikia ushahidi upya, kumwona shahidi na kuamua chenyewe. Bunge la Marekani lilikwenda upande mwingine mwaka 1996: matokeo ya kiutawala kuhusu ukweli wa mambo yatasimama, ila pale tu ambapo mwamuzi yeyote mwenye busara angelazimika kuamua kinyume. Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu alikuwa amekwisha kutumia kipimo kikali cha namna hiyo mwaka 1992 dhidi ya kijana wa Guatemala aliyekataa kujiunga na waasi.

Hapo ndipo panapozaliwa swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Chukua mtu ambaye hakuna anayepinga habari zake: alitishiwa kuuawa mara tatu, alipigwa mara moja, alihama mji akafuatwa. Ukweli umekubalika. Je, huko ni kuteswa? Kama jibu ni la sheria, mahakama ya rufani italiamua yenyewe kwa akili yake. Kama ni la ukweli wa mambo, itaukubali uamuzi wa bodi hata kama yenyewe ingeamua tofauti, mradi tu usiwe wa kupindukia. Mahakama za rufani za mikoa mbalimbali zilitofautiana, hata Mahakama ya Juu ikakubali mwaka 2025 kulisikiliza suala hilo.

Wanaotaka majaji wajizuie wana hoja ya haki. Aliyemwona mwombaji ana kwa ana anajua mengi ambayo karatasi haisemi, mashauri ni mengi mno, na Bunge lilisema lilivyosema. Ila hoja ya kuuona uso wa shahidi ina nguvu katika kuamua kama mtu anasema kweli, na haina nguvu hiyo ukweli ukishakubaliwa. Vitisho vitatu na kipigo kimoja haviwezi kuwa mateso kwa ofisa mmoja na usumbufu kwa ofisa wa chumba cha pili, na kisha majaji waseme wote wawili wako sawa. Uingereza inalipa gharama kubwa ya muda na fedha kwa kusikiliza upya, na bado naona imeelewa jambo hili vizuri zaidi. Kanada imekaa katikati: hukumu ya 1985 iliyosisitiza haki ya kusikilizwa kwa mdomo, chombo cha rufaa tangu 2012, kisha Mahakama ya Shirikisho inayoingia kwa ruhusa tu na kuuliza kama uamuzi ulikuwa na mantiki.

Afrika Mashariki majaji walipoingia, waliingia kwa mlango tofauti kabisa. Aprili na Mei 2016 serikali ya Kenya iliondoa utambuzi wa jumla wa Wasomali, ikavunja idara ya wakimbizi na kutangaza kufunga Dadaab. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitengua uamuzi wa kufunga kambi na ule wa kuvunja idara. Hakuhitaji kupima hofu ya mtu mmojammoja. Alishika Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa serikali ulio wa haki na wenye kufuata utaratibu, akaona kwamba hatua iliyowalenga Wasomali peke yao ilikuwa ni kulitesa kundi zima. Jaji Majanja alikuwa amemtangulia mwaka 2013 alipozuia wakimbizi wa mijini kusombwa kupelekwa kambini. Huko London na Washington neno mateso huelekezwa kwa serikali ya mbali. Nairobi, jaji alilielekeza kwa serikali yake mwenyewe, na sijui mfano mwingine wenye ujasiri huo.

Wiki chache kabla ya hukumu hiyo, Januari 2017, Tanzania nayo ilikuwa imeacha kuwatambua Warundi kwa jumla. Nchi hii ilipokea Warundi wa 1972 ikawapa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na baadaye uraia kwa watu zaidi ya 160,000. Sasa Mrundi anayefika Kigoma anahojiwa peke yake. Anaulizwa swali la Geneva, ingawa fungu la Addis Ababa bado limo katika Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Ulaya nayo imekuwa ikilisogelea fungu hilo: mwongozo wa 2004 ulianzisha hifadhi ya nyongeza kwa wanaokimbia vita visivyochagua, na mwaka 2009 ile Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Wairaki wawili, ikasema kwamba vurugu zikifikia kiwango cha juu sana mtu hahitaji kuthibitisha kwamba alilengwa yeye. Hadhi hiyo ni pungufu kidogo ya ukimbizi, lakini Msomali wa 1998 angeifurahia.

Kwa hiyo mila hizi mbili zinapishana njiani. Ulaya imeazima upana wa Afrika, na ilikwisha kuwa na majaji wa kuusimamia. Afrika Mashariki imeazima usaili wa mtu mmojammoja, lakini vyombo vya kuupitia usaili huo bado ni vyembamba. Uganda ina bodi ya rufaa ambayo inaweza kuutengua uamuzi na kuurudisha kwenye kamati, ila haina uwezo wa kumpa mtu hadhi. Kenya inaruhusu kufika Mahakama Kuu baada ya chombo cha rufaa. Tanzania ina kamati ya taifa, na aliyekataliwa huomba mapitio kwa waziri. Maombi ya kuutengua uamuzi wa serikali katika Mahakama Kuu yapo kisheria, lakini kutoka kambini Kigoma mpaka kwa wakili wa kuyaandika ni safari ndefu. Mrundi aliyeulizwa kwa nini yeye, akajibu, akakataliwa, anahitaji sababu za kukataliwa kwake kwa maandishi na kwa lugha anayoisoma, muda wa kuzijibu, na mtu asiyekuwa chini ya waziri wa kuzisoma kwa mara ya pili. Hayo matatu yanaweza kuandikwa katika sheria ya 1998 bila kulifuta hata neno moja la ukarimu ulioandikwa Addis Ababa.